Macho ya manjano si alama ya ulevi: Tule halali iliyo twayyib

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, katika mitaa yetu ya mjini, mtu akionekana macho yake yamegeuka kuwa ya manjano, kauli mbili hufuata haraka. Ya kwanza hunong'onwa pembeni: “Huyu atakuwa anakunywa kwa siri.” Ya pili husemwa waziwazi mbele ya mgonjwa: “Hospitali hawaliwezi hilo, kuna mzee anayo mizizi yake, mpelekeni huko, na msimpe mafuta wala maharage.” Kauli ya kwanza inaharibu heshima ya Muislamu. Ya pili inaweza kuharibu mwili wake.

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa somo la dini, na ninayoyaeleza hapa kuhusu tiba ni yale ambayo wataalamu wa afya wamekubaliana na kuyatangaza. Lakini suala la mgonjwa wa ini lina upande wa dini pia, nao ni huu: Tumeshika nusu ya amri ya Allah kuhusu chakula, tumeiacha nusu ya pili. Katika Suratul-Baqara aya ya 168, watu wote wanaamrishwa kula vilivyomo ardhini kwa masharti mawili, kwamba viwe halali na viwe twayyib, yaani vizuri, safi, visivyodhuru. Sharti la halali tunalijua na tunalilinda. Hatunywi pombe wala hatuli nguruwe, na tunauliza nyama imechinjwa na nani. Je, sharti la twayyib tunaliuliza lini?

Ini na kazi yake

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote vya ndani. Damu inayotoka kwenye tumbo na utumbo ikiwa imebeba tulichokula hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Hapo ndipo chakula kinapopangwa. Sukari ya ziada hufanywa akiba, protini za damu hutengenezwa, zikiwemo zile zinazoifanya damu igande mtu anapojikata, na sumu na dawa huvunjwavunjwa ili zitolewe. Ini ndilo pia linalotengeneza nyongo, ambayo husaidia kusaga mafuta.

Hayo manjano yanatoka wapi? Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, kisha huvunjika. Katika kuvunjika kwake hupatikana taka yenye rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huichukua taka hiyo, huitia katika nyongo, nayo hutoka na choo. Taka hiyo ikizalishwa kupita kiasi, au ini likishindwa kuitoa, au njia ya nyongo ikiziba, hubaki katika damu na kuonekana kwanza kwenye weupe wa macho, kisha kwenye ngozi. Mkojo huweza kuwa mweusi kama chai ya rangi, na pengine choo kikawa cheupe kama udongo.

Kwa hiyo manjano si ugonjwa mmoja. Ni dalili ya magonjwa mengi. Malaria kali huweza kuyaleta, na selimundu vilevile, kwa sababu chembe nyekundu huvunjika kwa wingi. Virusi vya homa ya ini huyaleta, navyo ni vya aina kadhaa, wataalamu wakiviita kwa herufi A, B, C, D na E. Dawa zilizotumiwa vibaya huyaleta. Mawe katika mfuko wa nyongo huyaleta kwa kuziba njia, na uvimbe katika kongosho vilevile. Pombe ni sababu mojawapo tu katika orodha hiyo ndefu. Mtoto mchanga mwenye manjano naye ana mambo yake. Anyonyeshwe mara kwa mara, asipewe maji ya glukosi, na aonwe na mtaalamu, hasa manjano yakianza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.

Ndiyo maana swali la kwanza haliwi “ale nini?” wala “anywe mizizi gani?”, bali ni “manjano haya yameletwa na nini?” Swali hilo hujibiwa kwa kipimo. Hakuna chakula kitakachoondoa jiwe lililoziba njia ya nyongo, wala uji hautaua vijidudu vya malaria.

Dhana mbaya ilivyomchelewesha mgonjwa

Miaka michache iliyopita, jirani yetu mmoja, mwalimu wa madrasa, mtu wa swala tano msikitini, alipatwa na uchovu, kichefuchefu na homa ndogondogo. Baada ya siku chache macho yakawa ya manjano. Minong'ono ilianza siku hiyohiyo. Mwenyewe aliposikia yanayosemwa, aliona haya kwenda hospitali, akihofu kwamba akionekana kwenye foleni watu watasema yamethibitika.

Akabaki nyumbani kwa zaidi ya wiki mbili. Ndugu zake, kwa mapenzi kabisa, wakamletea chupa tatu za dawa za mizizi kutoka kwa watu watatu tofauti. Wakamkataza samaki, maharage, mayai, tui la nazi na kila chenye mafuta. Wakawa wanampa glukosi ya unga kwenye maji, juisi ya miwa na uji mtupu. Nilipokwenda kumzuru nilikuta mashavu yameingia ndani, kanzu inamning'inia. Tulizungumza naye, mimi na imamu wetu, na kesho yake tukampeleka hospitali.

Kipimo kilionyesha virusi vya homa ya ini aina ya B, vinavyoambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili. Daktari alimtaka aache mizizi yote siku hiyohiyo, apumzike, na ale. Hakupewa dawa ya kuua virusi, akaelezwa kwamba kwa mtu mzima aliyeambukizwa karibuni, zaidi ya tisa kati ya kila kumi miili yao huviondoa virusi hivyo yenyewe. Akaambiwa arudi baada ya miezi sita kupima tena, kwani vikibaki zaidi ya muda huo huhesabiwa kuwa vya kudumu, na hapo matibabu huwa ya namna nyingine. Mkewe alipimwa, akaonekana hana, akachanjwa. Alhamdulillah, kipimo cha miezi sita kilionyesha virusi vimeondoka.

Walichomhofia zaidi madaktari wakati ule hakikuwa virusi peke yake. Ilikuwa mizizi isiyojulikana juu ya ini lililovimba, na njaa ya wiki mbili aliyotiwa na wanaompenda. Tukumbuke kwamba yote yalianzia kwenye dhana. Katika Suratul-Hujurat aya ya 12, Allah (s.w.) ametutaka tujiepushe na dhana nyingi na tusisengenyane. Hapa utaona kwamba kusengenya kunaweza kumchelewesha mtu kupata tiba, na ugonjwa mwingine wa ini haungoji.

Mafundisho ya Mtume kuhusu chakula cha mgonjwa

Wapo wanaodhani kwamba kuzungumzia lishe ya mgonjwa ni jambo la wazungu. Katika Sunna limo. Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea kwa Ummul-Mundhir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani kwake pamoja na Ali (r.a.), ambaye ndiyo kwanza alikuwa anapata nafuu baada ya kuugua. Palikuwa na mashada ya tende yaliyotundikwa. Mtume akala, na Ali naye alipotaka kula, Mtume akamzuia akimkumbusha kwamba bado ana udhaifu wa maradhi. Kisha Ummul-Mundhir akapika shayiri na silq, mboga ya majani ya jamii ya ile inayouzwa masokoni kwetu kwa jina la spinachi. Hapo Mtume akamwelekeza Ali ale hicho, kwani kinamfaa zaidi.

Tende ni halali, na zina sifa nyingi katika dini yetu. Pamoja na hayo, Mtume (s.a.w.) alitazama hali ya mtu na wakati. Hakumnyima Ali chakula. Alimwondoa kwenye kimoja akamwelekeza kwenye kingine, nacho kilikuwa chakula kamili, nafaka na mboga za majani. Vilevile Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) habari ya talbina, uji mwepesi wa shayiri, ambao alikuwa akiamrisha wapewe wagonjwa na wafiwa, kwa kuwa unamtuliza mgonjwa. Anayemtengenezea mgonjwa wake uji mzuri leo, na akatia nia, yumo katika mwendo huo.

Mgonjwa ale nini?

Kwa homa ya ini ya kawaida inayokuja na kuondoka, wataalamu hawana mlo maalumu wa ajabu. Wanachosisitiza ni kwamba mgonjwa ale chakula cha kutosha, chenye mchanganyiko, kwa namna ambayo tumbo lake litakipokea. Nitaeleza kwa vyakula vya majumbani mwetu.

Kwanza, ale kidogo kidogo mara nyingi. Badala ya milo mitatu mikubwa, apewe mara tano au sita. Wagonjwa wengi wa ini kichefuchefu huwazidi kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo asubuhi ndiyo nafasi nzuri ya kumpa mlo wa nguvu. Uji wa ulezi au wa mahindi uliotiwa maziwa, yai la kuchemsha, kiazi kitamu na kipande cha papai vinatosha kwa kuanzia.

Pili, asinyimwe protini. Maharage, kunde, choroko, dengu, samaki, dagaa, kuku, mayai na maziwa ndivyo vinavyojenga upya mwili, na ini lenyewe linavihitaji ili lijikarabati. Zamani hata baadhi ya watabibu waliwazuilia protini wenye ugonjwa sugu wa ini. Leo maelekezo yamegeuka. Hata mwenye ini lililojaa makovu hushauriwa ale protini zaidi ya mtu wa kawaida, kwa sababu mwili wake huila misuli yake mwenyewe. Huyo huhimizwa pia apate kitu kidogo kabla ya kulala, ili asikae na njaa usiku kucha.

Tatu, mafuta si haramu kwa mgonjwa. Kinachotakiwa ni kiasi, na kusikiliza tumbo. Chipsi, sambusa na maandazi yaliyoogelea kwenye mafuta yatamzidishia kichefuchefu, ayaache. Lakini kijiko cha mafuta kwenye mchicha, au tui jepesi kwenye samaki, kikikubalika tumboni hakina ubaya. Mwenye mawe kwenye nyongo huyo afuate alivyoelekezwa na daktari wake.

Nne, matunda na mboga za majani. Mchicha, matembele, kisamvu, spinachi, papai, chungwa, tikitimaji na ndizi vyote vinafaa. Vioshwe kwa maji safi, na maji ya kunywa yachemshwe. Anayetapika au asiyekula vizuri anywe maji mara kwa mara, na supu nyepesi au maji ya dafu humsaidia.

Tano, anayevimba tumbo au miguu kwa sababu ya ini apunguziwe chumvi, nalo hili lisimamiwe na daktari.

Na hili la viungo niliseme, maana nimeulizwa zaidi ya mara moja. Bizari ya manjano kwenye mchuzi haimfanyi mtu awe wa manjano, wala haimponyi manjano. Kiasi cha jikoni hakina tatizo. Lakini vidonge vya manjano yaliyokolezwa, vinavyouzwa kama dawa ya kusafisha mwili, vimewahi kusababisha maradhi ya ini kwa baadhi ya watumiaji katika nchi mbalimbali.

Glukosi, asali na mizizi

Glukosi ya unga ni sukari. Kwa mgonjwa ambaye hakipiti chochote kooni, kinywaji chenye sukari kinaweza kumpa nguvu kidogo ya haraka. Kosa ni kuifanya mbadala wa chakula. Haina protini, haina vitamini, na anayeshindia hiyo kwa wiki mbili anadhoofika huku jamaa wakidhani wanamtibu. Juisi ya miwa ni hivyohivyo, na ikiwa imekamuliwa mahali pachafu au imetiwa barafu ya maji yasiyochemshwa, inaweza yenyewe kubeba virusi vya homa ya ini aina ya A, ambavyo hupita katika chakula na maji machafu.

Asali imetajwa katika Suratun-Nahl aya ya 69 kuwa ina ponyo kwa watu, nasi tunaamini hivyo bila shaka. Pia zipo hadithi sahihi kuhusu habbat soda. Lakini kuamini kuwa kitu kina ponyo hakumaanishi kwamba kila ugonjwa, kwa kila mtu, kwa kipimo chochote, hutibiwa nacho bila kupimwa. Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha asali ndiye aliyemzuia Ali tende. Mgonjwa akitaka kijiko cha asali kwenye uji wake ale, isipokuwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, huyo asipewe, na mwenye kisukari ahesabu kuwa ni sukari.

Kuhusu mizizi, tusiseme kwamba mimea yote ni mibaya. Dawa nyingi za hospitali asili yake ni mimea. Lakini kila tunachomeza huenda kwenye ini likivunje, na ini lililovimba halina nguvu ya kupokea mzigo usiojulikana. Chupa isiyo na jina wala kipimo, iliyochanganywa na mtu ambaye hajui mgonjwa ana malaria, virusi au jiwe, ni hatari. Abu Daud na wengineo wamepokea hadithi inayobainisha kwamba anayejitia kutibu ilhali hajulikani kwa utabibu, atabeba dhamana ya madhara atakayosababisha. Wauzaji wa chupa hizo wengi hawalijui hili, na wateja wao hawawaulizi.

Tahadhari hiyohiyo iende kwenye dawa za dukani. Parasetamoli tunayoimeza kama peremende, ikizidishwa, ni miongoni mwa sababu kubwa za ini kufeli ghafla katika baadhi ya nchi. Mwenye manjano asimeze hata hiyo bila ya kumuuliza daktari kiasi kinachomfaa.

Dalili hizi zikitokea, mazungumzo ya chakula yaishe na mgonjwa apelekwe hospitali hapohapo: kuchanganyikiwa au kusinzia mchana kupita kawaida, kutokwa damu kirahisi, kutapika bila kukoma, tumbo kujaa maji, au choo kuwa cheusi kama lami. Mjamzito mwenye manjano asingojeshwe kabisa, kwani homa ya ini aina ya E huua wajawazito wengi, hasa miezi mitatu ya mwisho.

Sisi tusiokunywa

Sasa tuje kwa sisi wazima. Muislamu asiyekunywa pombe ameliepusha ini lake na balaa kubwa, na hiyo ni neema ya kushukuriwa. Lakini adui wa ini yupo pia mezani petu.

Yupo katika sukari. Zaidi ya robo ya watu wazima duniani wana mafuta yaliyojazana kwenye ini, na wengi wao si walevi. Ini hulishwa wanga na sukari kuliko mwili unavyotumia, likageuza ziada kuwa mafuta na kuyaweka humohumo. Mafuta hayo yakidumu huweza kuleta uvimbe, makovu, hata saratani. Soda ya chupa ya nusu lita ina sukari ya zaidi ya gramu 50, karibu vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ingekuwa bora zaidi awe chini ya gramu 25. Sasa angalia futari zetu za Ramadhani: juisi ya sukari, kaimati, vitumbua, tambi za sukari, kisha soda. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwa Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) imetufundisha kwamba mwanadamu zinamtosha tonge chache, na ikiwa hapana budi, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Hatuachiwi nafasi ya kaimati ya kumi.

Yupo pia katika ukungu. Mahindi na karanga vikihifadhiwa vikiwa na unyevu huota kuvu linalozalisha sumukuvu, na sumu hiyo hulenga ini. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 mlipuko kama huo ulitokea nchini Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kuua watu. Hao ni wale waliokula kwa wingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujiongezea hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa pia na virusi vya aina ya B. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu tuitupe, tusiisage kuwa ya mboga wala tusiifiche ndani ya kashata. Na mfanyabiashara Muislamu anayechanganya mahindi yaliyooza na mazima ili apate uzito, ajue kwamba kwa kumsalimisha mteja pombe na nguruwe hajamaliza wajibu wake. Mahindi yale ni halali kwa asili yake, lakini si twayyib.

Ipo habari njema moja kwa watu wa baraza. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa hupatwa kwa uchache zaidi na makovu na saratani ya ini. Kwa hiyo kahawa yetu chungu ya vikombe vidogo haina lawama. Kashata tu ndiyo tuihesabu.

Mgonjwa na saumu

Swali aliloniuliza yule mwalimu baada ya kutoka hospitali lilikuwa kuhusu Ramadhani iliyokuwa inakaribia. Jibu limo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185, ambapo mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa ya kula na kuzihesabu siku hizo baadaye. Mgonjwa wa manjano ambaye daktari mwaminifu amemwambia ale mara tano kwa siku, na akafunga kwa kuona haya, hakuongeza uchamungu wake. Ameikataa zawadi ya Mola wake. Akipona atalipa siku zake. Na ambaye ugonjwa wake ni wa kudumu, hatarajiwi kupona, atatoa fidya kwa kumlisha masikini kwa kila siku. Mwenye ugonjwa sugu wa ini aulizie mapema kabla ya mwezi kuandama.

Kinga

Chakula peke yake hakizuii virusi vya aina ya B. Kinachozuia ni chanjo, ambayo watoto wetu huipata katika chanjo za kliniki. Watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Wao hupimwa kwanza, na wasipokuwa na virusi huchanjwa mara tatu, kwa kawaida ndani ya miezi sita. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi, na wengi wao hawakuwa wanajijua.

Pia hijama ni Sunna, lakini wembe mmoja kwa migongo ya watu watatu si Sunna. Kila mtu awe na wembe wake mpya, na vikombe visivyotupwa visafishwe kwa namna ya kuua vijidudu. Jandoni na kwa kinyozi ni hivyohivyo.

Hitimisho

Nawaomba maimamu na walimu wa darsa walizungumze hili misikitini kama tunavyozungumza pombe. Na kila mmoja wetu, akimuona ndugu yake macho yamebadilika, asimuulize amekunywa nini. Amshike mkono ampeleke akapimwe, kisha ampelekee bakuli la uji wa maziwa na samaki wa kuchemsha. Hiyo ndiyo haki ya mgonjwa juu yetu.

Miili yetu ni amana, na tutaulizwa. Tumuombe Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na aturuzuku chakula cha halali kilicho twayyib. Amin.

Wabillahi tawfiq.